Siku Niliyokula Kabichi Mbele ya Mama Mkwe

Chekeni sasa mmalize, ndio nianze. Najua mmeshaisikia habari hii kwa watu wengine, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (kuna mmoja kule Nunguni husema ati nilitumbukia ndani ya pipa, jambo ambalo ni uongo mtupu, sikutumbukia, nililigusa tu), kwa hivyo leo nitaisema mwenyewe na aibu yangu niibebe mwenyewe. Mimi, mwalimu, mtu wa tai na soksi ndefu, mtu ambaye wazee walikuwa wakimwachia kiti, siku moja mchana kweupe nilikimbia mbele ya wazazi wote wa shule nikiwa nimejifunika uso na bakuli la chakula. Sikuwa nimelewa. Pombe sijawahi kuonja maishani. Niliponzwa na mdomo tu, huu huu mnaousikiliza.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, mwanzoni mwanzoni, Mzungu bado anatawala na mimi nimetoka chuo cha ualimu juzi juzi, kichwa kimejaa elimu mpaka kofia hainitoshi. Nikatumwa kufundisha shule ndogo ya udongo karibu na Kasikeu. Sasa mimi ni wa Nunguni, kule juu kwenye baridi na ukungu, kabichi inaota hata ukiitupa, na Kasikeu ni chini kwenye jua, watu wanakula isyo, yaani mahindi na maharagwe, asubuhi isyo, jioni isyo, na mchana wanangoja jioni. Watoto ndio walinisikitisha. Wanatoka nyumbani alfajiri, isyo ya asubuhi haijapashwa, bila kutia kitu tumboni, wanatembea mpaka miguu inakuwa myeupe kwa vumbi, na ikifika saa sita mimi nafundisha hesabu watu waliolala. Asubuhi moja msichana mdogo alianguka mstarini tukiimba wimbo wa serikali, na wenzake wakamruka wakaendelea kuimba, maanake walikuwa wamezoea. Hilo sikulicheka, na hata leo silicheki.

Nikaamua shule itakuwa na chakula chake. Chuoni tulikuwa na picha kubwa ukutani ya vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili, nami niliiamini picha ile kuliko mchungaji anavyoamini Kitabu. Kila nyumba ingeleta mahindi na maharagwe kidogo, na mboga tungelima wenyewe kando ya kijito. Nikaleta mbegu kutoka nyumbani, watoto wakamwagilia kwa vibuyu, na haki ya Mungu kabichi zikafunga na karoti zikateremka ardhini. Kilichobaki ni kamati ya shule kukubali, na kamati ya shule ilikuwa Mzee Nzioka.

Mzee Nzioka alikuwa mwenyekiti, mtu wa hekima nyingi sana, hasa kuhusu mambo asiyoyajua. Siku ya mkutano nikaweka kabichi moja mezani, kubwa, imenona, na yeye akaizunguka kama mtu anayetafuta mlango. "Mwalimu," akasema, "mahindi tutatoa. Maharagwe tutatoa. Lakini mtoto wa Mkamba kulishwa majani? Kunde zenyewe ni mambo ya kina mama, na mbuzi ndio wanazimaliza. Na hiki kitu kinachojifunikafunika namna hii, kinaficha nini huko ndani?" (Tulikuwa tunaongea Kikamba bila shaka, nawapa kwa Kiswahili ili hata wageni wafaidi.) Watu wakacheka. Hapo ningesema tu, "Asante mwenyekiti, tufikirie," tukaenda nyumbani. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata breki. Nikasimama, nikanyoosha tai, nikasema: "Siku ya wazazi tutapika. Na mimi mwenyewe nitakula kwanza, mbele yenu wote, mtazame kama nitakufa!"

"Wote?" akauliza Mzee Nzioka.

"Wote."

"Hata kina mama?"

"Hata kina mama, mwenyekiti! Waje wote!"

Akatabasamu akaketi. Akaongeza kwamba mwalimu asipokula, lile jiko litavunjwa siku hiyo hiyo na mambo ya majani yaishe. Nikasema sawa, na nikaenda nyumbani kama mshindi.

Kesho yake nikakutana na Wavinya anatoka mtoni, debe kichwani. Wavinya ndiye mchumba wangu, na watu wangu walikuwa wameshapeleka mbuzi wa ntheo kwao, wale wa kuposa, kwa hivyo kulingana na desturi tulikuwa tumekwisha kuwa mke na mume, imebaki harusi ya kanisani tu. "Hongera, mwalimu," akasema bila kusimama. "Nasikia utakula mbele ya kina mama wote."

Nikajipiga kifua. "Wote!"

"Na mama yangu ni mwanaume?"

Asi! Huyo sikuwa nimemhesabu. Kwa wale waliozaliwa juzi, wacha nieleze. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni, aibu ya heshima, kati ya mtu na mama mkwe wake. Mbuzi wa ntheo wakishaingia kwao, wewe na yule mama hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani, na mkiwa na haraka mnaingia nyote wawili, kila mtu upande wake. Jina lake hulitaji. Na kula, ndugu zangu, kula mbele yake, yeye anakuona unafungua kinywa unatafuna, hilo ni sawa na kuoga mbele yake. Mimi msomi wa vyakula vya kulinda mwili nilikuwa nimetangaza hadharani kwamba nitaoga mbele ya mama yake Wavinya.

"Ukila mbele ya mama, wajomba watarudisha mbuzi," Wavinya akasema, na sasa alikuwa amesimama, na maji yanamdondoka shingoni. "Mimi nitakaa nyumbani. Wewe utaoa kabichi."

Hapo ndipo nilipokuwa. Nikila, nimempoteza Wavinya. Nisipokula, Mzee Nzioka anavunja jiko la watoto kabla halijapika hata mara moja. Nikafanya kama wasomi wanavyofanya, nikatuma mtu mwingine. Mjumbe wetu alikuwa shangazi Mbithe, dada yake babake Wavinya, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Nikamwomba amsihi mama Wavinya, kwa heshima zote, siku ile abaki nyumbani apumzike. Shangazi akaenda, akarudi na jibu, akalitolea nje ya darasa watoto wakisikia: "Anasema watoto wake wako shule hiyo hiyo! Anasema mwethya, kikundi cha kina mama cha kazi za pamoja, ni yeye anauongoza, na wakipika chochote bila yeye ataipindua hiyo sufuria! Lakini anasema pia anakuheshimu sana, kwa hivyo utafute ukuta!"

Ukuta! Akili za mama yule. Yeye apike ndani, mimi nile nje, ukuta katikati, kila mtu ale aibu yake pembeni. Nikaenda kwa kamati kuomba miti na nyasi za kujengea jiko la kufungwa vizuri pande zote. Mzee Nzioka akashangaa sana. Nyasi ni za paa za watu, akasema, na miti ni mali, na mtama umevunwa juzi tu, mabua yamejaa shambani bure. "Jenga na mabua. Ni jiko, si kanisa." Mabua yenyewe yalikuwa bado mabichi, yana utamu, watoto walikuwa wakiyatafuna njiani. Nikamshukuru mwenyekiti kwa ukarimu wake. Ndiyo, nilimshukuru, kwa mdomo huu huu. Tukasimamisha nguzo za pembeni, tukafunga mabua kwa kamba, tukaacha mlango kwa nyuma, na ukuta ukapendeza macho.

Siku ya wazazi ikafika. Asubuhi na mapema mwethya wakaingia na pipa lililokatwa nusu, moto ukawashwa, isyo ikaanza kutokota. Mimi nikasimama nje ya ukuta, mama Wavinya yuko ndani, tunasikilizana hata pumzi, lakini adabu ni adabu, kwa hivyo shangazi Mbithe alisimama pembeni akipokea maneno upande huu na kuyapeleka upande ule.

"Mwambie mama," nikasema, "kabichi na karoti ziingie mwisho kabisa. Zisiive sana, vitamini zitakufa."

"Anasema zisiive sana, vitamini zitakufa!" akapiga kelele shangazi.

Sauti ikatoka ndani: "Mwulize mwalimu, hizo vitamini ni wanyama gani, na kwa nini anataka watoto wetu wale kitu kingali hai?"

"Anauliza..."

"Nimesikia, shangazi."

"Sijamaliza kusema!" akanikemea, na akarudia yote tangu mwanzo. Nikatoa mhadhara. Nikaeleza mambo ya macho, ya ngozi, ya fizi, yote ya kwenye picha, na shangazi akayapeleka ndani kwa jinsi alivyoyaelewa (nilisikia fizi zimegeuka figo, nikaacha). Jibu likarudi: "Mwambie mwalimu karoti hizi ni ngumu kama kuni. Aniachie nizichemshe kidogo."

"Mwambie mama, chuoni walitufundisha..."

"Mwambie mwalimu nimesikia. Basi chuo ndicho kitakachotafuna."

Nikajiona nimeshinda tena. Nilikuwa mshindi sana siku zile.

Saa sita uwanja ulijaa. Wanaume upande mmoja, kina mama upande mwingine, watoto wamepangwa mistari wanameza mate kwa sababu harufu ilikuwa imeshaanza kutembea. Wajomba zake Wavinya walikuwa mbele kabisa, mikono juu ya fimbo, wamekuja kuhakikisha nthoni haivunjwi. Meza ya darasani ikaletwa karibu na jiko, nami nikasimama mbele yake, uso kwa watu, mgongo kwa ukuta. Kofia yangu ya jua nilikuwa nimeiacha kwenye msumari, maanake nilikuwa nimechana nywele nikapiga njia katikati na sikutaka kuiharibu. Kumbukeni hiyo kofia.

Ndipo Mzee Nzioka akatokea na mbuzi. Beberu, mweusi, ndevu kama zake. "Kabla mwalimu hajala," akatangaza, "tumwulize mwenye majani. Mbuzi akikila hiki chakula, basi ni cha mbuzi, na mjadala umekwisha." Watu wakapiga makofi kwa hekima hiyo. Nikasema (kwa nini nilisema, sijui) kwamba hiyo si haki, mbuzi hula hata shati. Hakuna aliyenisikiliza. Akamfunga beberu kwenye nguzo ya jiko, nyuma yangu, shangazi Mbithe akachota, wakamwekea kwenye jani la mgomba. Beberu akanusa kabichi. Akanusa karoti. Akatazama watu. Akageuza kichwa pembeni.

"Hata mbuzi amekataa!" akapaza sauti Mzee Nzioka, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mmeiona hukumu hiyo? Mbuzi akila, ni chakula cha mbuzi. Mbuzi akikataa, hata mbuzi amekataa. Nilikuwa nataka kueleza jambo hilo kwa utaratibu, lakini wajomba walikuwa wakigonga fimbo chini wakisema, "Ale! Mwalimu ale!" na watu walikuwa wanacheka mno kuweza kuona kwamba beberu, akishakikataa chakula changu, alikuwa amegeukia ukuta. Mabua mabichi ya mtama, matamu, yamefungwa vizuri kwa urefu wa mdomo wake. Kama ningekuwa mbuzi hata mimi ningefanya hivyo.

Nikapokea bakuli limejaa. Nikala kijiko cha kwanza, nikatikisa kichwa kuonyesha utamu. Cha pili nikakijaza karoti makusudi, waone rangi. Jamani, karoti zile! Nilitafuna, zikalia mdomoni kama mtu anavunja kuni, nikatafuna, zikahama shavu hili zikaenda shavu lile, na kumeza sikuweza na kutema sikuthubutu. Nikajaza juu yake kabichi ili isaidie kuteremsha. Na polepole nikaona kicheko kimepungua. Kikazima kabisa. Wanaume wametulia. Kina mama wameziba midomo kwa leso. Nikajua nimewagusa. Nikasema moyoni, elimu imeingia Kasikeu leo. Mjomba mmoja alikuwa amegeuza uso wake anatazama milima kana kwamba amewahi kupoteza ng'ombe huko.

Nikiwa nimejaa fahari na karoti, nikageuka kuona wanatazama nini.

Hapakuwa na ukuta. Beberu alikuwa amekula kamba na mabua ya katikati, na yaliyobaki yalikuwa yamelala chini kwa adabu. Na pale, karibu nami kiasi cha kupeana chumvi, mama Wavinya ameinama juu ya pipa, mwiko mdomoni, anaonja, mashavu yamejaa kama yangu. Kina mama wenzake walikuwa wameshatokea kwa nyuma kuja kuona mwalimu anavyokula, wamemwacha peke yake na chakula cha watoto. Akainua macho. Tukatazamana. Mimi natafuna, yeye anatafuna. Sikuwa nimewahi kuona uso wake tangu ntheo, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba Wavinya amefanana naye kabisa, hata hilo shavu.

Adabu inasema ufunike uso. Nikapeleka mkono kichwani kushusha kofia. Kofia iko kwenye msumari. Basi nikajifunika na nilichokuwa nacho mkononi, na nilichokuwa nacho mkononi ni bakuli, na bakuli lilikuwa bado na chakula. Mchuzi ukashuka machoni, jani la kabichi likajibandika kwenye paji la uso likaning'inia, maharagwe yakaingia ndani ya kola. Nikakimbia. Kwenye shule ile mahali pa kujificha palikuwa pamoja tu, nyuma ya darasa, na kila mtu wa pale alipajua. Mama Wavinya naye alikuwa ameokota ungo, amejifunika uso kama inavyompasa mama mwenye heshima, na yeye pia alikuwa anakimbilia nyuma ya darasa. Yeye hanioni kwa heshima. Mimi simwoni kwa heshima. Tukagongana.

Ungo kwa bakuli, pwaa! Nilirudi nyuma nikaligusa pipa (nililigusa, nimesema), nikakaa chini. Yeye alikaa chini upande wake. Tukabaki tumekaa, kila mtu amefunika uso, hakuna anayethubutu kuinuka asije akamgusa mwenzake tena. Uwanja mzima nilisikia beberu tu anatafuna. Halafu mtu mmoja, mtu mmoja tu, akaanza kucheka upande wa wasichana, kicheko cha kukata mbavu, na sikuhitaji kutoa bakuli kujua ni Wavinya.

Watu wema wakamwinua mama, wakamzungushia leso, wakaondoka naye. Mimi nilijiinua mwenyewe. Nikasikia Mzee Nzioka anatangaza kwamba hizo ndizo vitamini tulizoahidiwa, na wajomba wanasema wazee waingie ndani mara moja, jambo la nthoni halilazwi. Wazee wakaingia darasani, wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, mimi nikasimamishwa mbele ubaoni na kabichi yangu. Mjomba mkubwa akasema kwa huzuni kwamba hajawahi kuona. Amezeeka, amesafiri mpaka Ikutha na ng'ombe, hajawahi kuona. Mbuzi wa ntheo warudishwe. Nikajaribu kusema kitu na karoti ikanisimama kooni, ndiyo, ile ile, bado ilikuwa mdomoni. Nilimfikiria Wavinya, nikafikiria wale watoto nje, na machozi yakanitoka kabisa mbele ya wazee, yakachanganyika na mchuzi.

Hapo shangazi Mbithe akasimama dirishani. Hakugonga, na hakuhitaji.

"Mama Wavinya anasema hakuona kitu!" akatangaza. "Anasema moshi ulimwingia machoni! Wala mwalimu hakumwona, kwa sababu mwalimu alikuwa na kabichi machoni!"

Wazee wakatazamana. Unaweza kuona mzigo unawashuka mabegani.

"Lakini," shangazi akaendelea, "anasema kama wazee wanaona lazima mbuzi mmoja achinjwe kusafisha mambo, ni haki, achinjwe! Anauliza tu, ukuta ulibomolewa na nani?"

"Na mbuzi," akasema mjomba mkubwa.

"Anauliza, mbuzi wa nani?"

Madawati yakalia, maanake wazee wote waligeuka kwa pamoja. Mzee Nzioka akasema yeye alikuja kama shahidi. Akasema mabua ndiyo yaliyomwita mbuzi. Mjomba akamwuliza kwa upole ni nani aliyetoa ruhusa ya kujenga kwa mabua, na mwenyekiti akakumbuka kwamba ana safari.

"Na la mwisho!" akapiga kelele shangazi Mbithe. "Mama anauliza Jumatatu watoto wale nini? Tokeni nje mtazame!"

Tukatoka. Wakati wakubwa tunashughulikia heshima zetu, wasichana wa darasa la juu walikuwa wameokota mwiko wakagawa. Pipa lilikuwa tupu. Watoto walikuwa wamekaa kwenye vivuli, matumbo mbele, na wadogo wawili walikuwa wameingiza vichwa ndani ya pipa wanakwangua. Kabichi hakuna, karoti hakuna, isyo hakuna, na hakuna aliyeuliza kitu gani kilijificha ndani ya kitu gani. Mjomba mkubwa akalitazama lile pipa, akajikohoza, akasema nyumba yake italeta mahindi Jumatatu. Wengine wakafuata, na mwenyekiti naye, baada ya kutazamwa.

Kwa hivyo nilioa, na watoto walikula. Beberu naye aliliwa, katika pipa lile lile. Lakini msifikiri nilisamehewa. Mwethya walinitungia wimbo, wakawa wanauimba wakilima, wakitwanga, wakiteka maji, ati mwalimu wetu ana kofia mpya, kofia ina maharagwe, na mpaka leo nikipita sokoni Kasikeu kuna nyanya wa meno machache atauanzisha akiniona, na wajukuu zake wanaitikia.

Na mama? Tuliendelea na nthoni yetu, miaka na miaka, yeye kichakani, mimi kichakani, shangazi Mbithe katikati. Mpaka tulipopata watoto kadhaa, nikapeleka blanketi na vitu vingine vya desturi, vile vinavyofungua uso, ili mtu aweze kukaa nyumba moja na mama mkwe wake na kula kama binadamu. Tukaketi. Shangazi alisimama mlangoni, amekosa kazi, amenuna. Mama akaniwekea chakula, akakaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni moja kwa moja. Alikuwa amezeeka. Machozi yakanilenga.

"Mwalimu," akasema.

"Naam, mwaitu," nikamjibu, neno ambalo mtu humwita mama yake.

"Karoti zilikuwa mbichi."

Ati hakuona kitu! Moshi! Yule mama aliona kila kijiko, aliona karoti ikihama shavu, akainyamazia miaka yote hiyo ili mimi nipate mke na watoto wa Kasikeu wapate chakula, na akaniwekea tu neno moja mpaka siku itakayoruhusiwa. Tangu hapo sijaahidi tena kula mbele ya watu, kofia siachi kwenye msumari, na karoti nyumbani kwangu huchemshwa mpaka mama mkwe aseme basi.